Sura ya Nne: Mwenye Duara Naye ni Mwajiri

Ukimuuliza mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, wa Nyarugusu au Mgusu ana wafanyakazi wangapi, mara nyingi atakujibu kwamba hana hata mmoja. Ana vijana tu. Vijana wanashuka, wanapiga mawe, mawe yanapandishwa kwa winchi, viroba vinahesabiwa pale juu, kila mmoja anabeba fungu lake na kulipeleka kwenye karasha. Mwenye duara ameweka chakula, baruti, mafuta ya jenereta na magogo ya matimba; vijana wameweka nguvu zao. Duara likitoa, wote wanapata. Lisipotoa, wote wanakosa. Mshahara haupo, barua ya ajira haipo, likizo haijawahi kutajwa. Kwa hesabu hiyo, sheria ya kazi ni mambo ya watu walio ndani ya uzio wa Geita Gold Mine na haiwahusu watu wa maduarani.

Fikra hiyo ina chimbuko lake. Watu wa Shinyanga walimjua mwajiri kupitia Mwadui, ambako John Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940, mgodi uliokuwa na uzio wake, nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Miongo kadhaa baadaye ikaja migodi mikubwa ya dhahabu: Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, na Bulyanhulu muda mfupi baadaye, yenye mageti, vitambulisho vya shingoni na mabasi ya kuleta watu wa zamu. Aliyekulia kati ya mageti hayo anaamini kwamba mwajiri ni kampuni. Mtu mwenye maduara mawili na pikipiki moja, aliyepewa eneo na mwenye leseni kwa makubaliano ya mdomo, hajioni katika picha hiyo. Sheria, hata hivyo, inamwona, na ningependa ajue hivyo kabla hajaitwa mbele ya Tume inayoamua migogoro ya kazi.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria mbili zinazoongoza kazi Tanzania Bara hadi leo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7. Ya kwanza inaweka haki na wajibu. Ya pili inaunda vyombo, ikiwamo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA. Namba za vifungu katika sura hii ni zile za sheria zilivyopitishwa mwaka 2004. Mwenye Toleo la Urekebu la 2023 alinganishe kwanza, na asome pia marekebisho yaliyofanywa mwaka 2025, kwa sababu yamegusa mikataba, likizo na fidia.

Katika hiyo sheria ya pili kipo kifungu cha 61, na kama mwajiri mdogo wa ukanda huu atasoma kifungu kimoja tu maishani mwake, asome hicho. Kinasema mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata jambo moja kati ya yafuatayo lipo: namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwenzake, saa zake za kazi zinapangwa na mwenzake, yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, riziki yake inamtegemea huyo anayemfanyia kazi, amepewa vifaa vya kazi na huyo, au hafanyi kazi kwa mtu mwingine yeyote. Ni mambo 7, na moja linatosha kuanzisha dhana ya ajira.

Sasa tulipime duara letu. Nani anapanga zamu ya usiku? Nani anasema leo tunafuata mwamba upande huu, kesho tunaweka matimba? Winchi ni ya nani, na nyundo, patasi, taa za kichwani, kamba? Nani anayeweza kumwambia kijana asishuke tena kuanzia leo? Majibu yote yakiishia kwa mtu mmoja, mtu huyo ana wafanyakazi, hata kama kila anayeshuka anamwita kaka na hata kama hajawahi kuandika jina la yeyote kati yao popote.

Yapo maduara ambayo kweli ni ya ushirika. Watu 6 wamechanga fedha, wamenunua vifaa pamoja, wanaamua pamoja lini wachimbe na lini wapumzike, na hasara wanaibeba kwa mafungu yale yale wanayogawana faida. Hao ni wabia, na wakiandikishana makubaliano yao watakuwa na cha kuonyesha siku mmoja wao akigeuka na kudai kuwa alikuwa kibarua. Ila nimeona watu wengi wakiuita ubia mpango ambao ndani yake mmoja ana amri zote na wengine wana jasho tu. Tume haitadanganyika na jina hilo.

Linalofuata ni fedha, na hapo ndipo wenye maduara hukasirika. Kama kijana ni mwajiriwa, basi kima cha chini cha mshahara kinamhusu. Amri ya Mshahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 iliweka shilingi 300,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, na shilingi 500,000 kwa wale wa leseni kubwa za uchimbaji na utafiti. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza amri nyingine, ya kuanza tarehe 1 Januari 2026, inayopandisha wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Atakayelipa leo aulize Ofisa Kazi wa mkoa wake kiwango cha leseni yake katika amri hiyo. Mgao haukatazwi. Unaweza kuendelea kugawana viroba kama mlivyozoea, na mwezi wenye neema kijana akaondoka na mara tano ya kima cha chini. Sheria inachodai ni sakafu: mwezi ambao duara halikutoa kitu, kijana aliyeshuka siku 24 anapaswa kulipwa.

Najua pingamizi. Mwenye duara atasema, na kwa uchungu, kwamba yeye mwenyewe amekopa, kwamba mwenye leseni anachukua fungu lake mawe yakitoka tu, kwamba hakuna benki inayomkopesha kwa kutegemea shimo. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama mzigo wa hasara unavyogawanywa katika mpango wa sasa. Mwenye duara akikosa, amepoteza mtaji. Kijana akikosa, amepoteza miezi ya uhai wake chini ya ardhi, na mara nyingi anaondoka na deni la chakula juu yake. Mwenye mtaji ndiye aliyechagua kubahatisha, na ndiye atakayefaidi zaidi bahati ikija. Siioni haki katika kumtaka aliyeleta mikono tu abahatishe pamoja naye kwa tumbo tupu. Asiyeweza kulipa sakafu kwa watu 12 aanze na watu 5.

Deni la chakula nalo lina sheria yake. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza kukata chochote kwenye ujira isipokuwa pale ambapo sheria, amri ya mahakama au mkataba wa hali bora umeruhusu, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kulipa deni fulani. Kama makato ni ya kufidia hasara, mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yote kwa mara moja yasizidi robo ya ujira. Ule utaratibu wa kujumlisha unga, maharage, betri za taa na nyundo iliyovunjika, kisha kumwambia kijana kwamba fungu lake limekwisha, hautasimama mbele ya mwamuzi yeyote.

Hapo ndipo daftari la kumbukumbu za wafanyakazi linapokuwa na kazi. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: jina lake, umri, jinsia na anwani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Kama hawezi kusoma, aelezwe kwa namna atakayoelewa. Karatasi hizo zitunzwe kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Hakuna linalodai wakili wala muhuri. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, uliosainiwa au kuwekwa dole gumba, nakala mbili, unatosha.

Waajiri wengi huogopa kuandika wakidhani karatasi itatumiwa dhidi yao. Sheria imepanga kinyume chake. Kesi ikifika na mwajiri akashindwa kuonyesha maelezo hayo, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti lolote linalodaiwa linakuwa lake. Kijana akisema mlikubaliana shilingi 600,000 kwa mwezi, na wewe unasema 300,000, na hakuna maandishi, wewe ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Nimesoma maamuzi ya kutosha ya migogoro ya kazi kuweza kusema kwamba mwajiri asiye na kumbukumbu hushindwa hata pale anaposema kweli.

Kati ya mambo ya kuandikwa, usipite haraka kwenye umri. Kifungu cha 5 kinakataza kumwajiri mtu aliye chini ya miaka 18 mgodini, na kimetaja wazi kwamba marufuku inafika hadi kwenye maeneo yasiyo rasmi yenye kazi za hatari. Karasha ni kazi ya hatari, na mwalo wenye zebaki ni wa hatari zaidi. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto katika uchimbaji mdogo wa dhahabu Geita, Shinyanga na Mbeya, ikaonyesha watoto wakishuka mashimoni na wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Mwajiri akishtakiwa hawezi kujitetea kwamba kijana alisema ana miaka 19. Ni juu yake kuonyesha kwamba alichunguza na kwamba ilikuwa haki kuamini hivyo. Omba kitambulisho cha Taifa au cheti cha kuzaliwa. Asiye na chochote, na uso wake ni wa mtoto, mrudishe nyumbani. Katika jambo hili sina maneno ya kumfariji mwenye duara.

Nakuja kwenye ajali. Oktoba 2015 duara lilititia Nyangalata, upande wa Kahama, na watu 5 wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 watu 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa katika mgodi wa RZ Union mkoani Geita, wakaokolewa wote baada ya siku kadhaa. Agosti 2025 maduara yaliporomoka Nyandolwa, mkoani Shinyanga, wakati yakifanyiwa ukarabati, yakawafukia watu 25, na safari hii wengi hawakutoka salama. Kila linapotokea tukio la namna hiyo, mwokoaji anayefika na pampu na mashine huanza na swali moja: wamo wangapi, na ni akina nani? Mwenye duara ambaye kila siku anaandika jina la anayeshuka na saa aliyoshuka, kisha anafuta anapopanda, ana jibu. Asiyeandika atasimama juu ya shimo akiwauliza wapishi na waendesha pikipiki nani hajaonekana tangu jana.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili eneo lake kwa OSHA na apime afya za wafanyakazi wanapoanza kazi na baadaye kwa vipindi. Kipimo hicho kina maana ya pekee huku kwetu. Vumbi la mwamba wa kwati, la kuchoronga kukavu chini na la kusaga juu kwenye karasha, huingia mapafuni na kutengeneza makovu yasiyopona. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, nao humfungulia mlango kifua kikuu. Kijana anaweza kuondoka duarani akiwa na nguvu na kuanza kukohoa miaka mingi baadaye, akiwa kijijini kwake Kibondo au Maswa. Kunyunyizia maji mahali pa kuchoronga na kwenye karasha kunapunguza vumbi sana, na gharama yake ni ndogo kuliko ya baruti ya wiki moja.

Na anapoumia au kufa? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri walianza kuuchangia Julai 2015. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa asilimia 1 ya mishahara. Tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, na hakatwi mfanyakazi hata senti. Mfuko unalipa matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, pensheni kwa wategemezi na gharama za mazishi. Chukua mwenye duara mwenye watu 10 anaowalipa shilingi 300,000 kila mmoja. Mishahara yote ni shilingi milioni 3. Mchango wake WCF ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Jiwe moja likianguka, mwenye duara asiyejisajili atauza pikipiki, atauza ng'ombe, atachangisha jamaa, na bado mjane hatapata pensheni. Mwenzake aliyekuwa akilipa hizo 15,000 atajaza fomu na kumsindikiza mjane ofisini. Kutojisajili ni kosa kisheria, lakini hata lisingekuwa kosa, sielewi kwa nini mtu anayenunua baruti kwa mamia ya maelfu ashindwe na fedha hiyo.

Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni mzigo mzito zaidi, lazima niseme. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake anaibeba mwajiri. Kwa watu wale wale 10 ni shilingi 600,000 kwa mwezi, ambazo 300,000 zinatoka mfukoni mwake. Hapo ndipo wengi hukimbilia kupunguza majina kwenye orodha. Wapo pia wanaokata ile nusu ya mfanyakazi na wasiipeleke, na hilo ni baya kuliko kutosajili kabisa, maana kijana anaamini anajiwekea akiba ya uzee.

Sasa tuhuma za wizi, mgogoro ambao nadhani unawafikisha waajiri wa dhahabu mbele ya Tume kuliko mwingine wowote. Mzigo wa kaboni umepungua kwenye elusheni, mtambo wa kutoa dhahabu kwenye kaboni, au kiroba kimoja cha mawe mazuri hakionekani. Msimamizi anamtaja kijana. Mwenye mtambo anakuja juu, walinzi wanampekua, anapigwa makofi mawili, anaambiwa, "Ondoka, nisikuone tena hapa." Inawezekana kabisa kwamba aliiba. Lakini kwa namna alivyofukuzwa, mwajiri ameshaharibu kesi yake mwenyewe.

Sheria inataka vitu viwili kwa pamoja, sababu halali na utaratibu wa haki, na ni juu ya mwajiri kuthibitisha vyote. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zimeuandika utaratibu hatua kwa hatua. Kwanza uchunguzi: nani alikuwa zamu, funguo alikuwa nazo nani, mzani ulisoma nini jana na leo. Ikionekana kuna jambo, mtuhumiwa apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa, na apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Ana haki ya kuja na kiongozi wa tawi la chama chake cha wafanyakazi, kiwe TAMICO au NUMET, au na mfanyakazi mwenzake. Anasikia ushahidi, anauliza maswali, anajitetea, analeta mashahidi wake. Mwenyekiti wa kikao asiwe amehusika na tukio. Uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake, na aambiwe kwamba anaweza kukata rufaa.

Kwa mgodi mkubwa wenye idara ya rasilimali watu haya ni mazoea. Kwa mwenye mtambo mmoja wa kuchenjua marudio kule Katoro, yeye ndiye aliyeibiwa, yeye ndiye shahidi, na yeye ndiye anayetaka kuhukumu. Ushauri wangu ni kwamba amwombe mtu wa nje, mwajiri mwenzake anayeheshimika au mtaalamu, aongoze kikao, huku yeye akikaa upande wa mashahidi. Itamgharimu siku 3. Kwa upande mwingine, sheria ya 2004 iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo haki. Kwa mshahara wa 300,000 hiyo ni shilingi milioni 3.6, kabla hujaongeza notisi, likizo ambayo hakuchukua na kiinua mgongo.

Tahadhari nyingine ni ya wale wanaokimbilia polisi. Kumpeleka mshukiwa kituoni ni haki ya kila raia. Lakini kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kiliandikwa kumzuia mwajiri asimwadhibu wala kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa lile lile mpaka kesi na rufaa ziishe. Amua mapema unataka njia ipi, na pata ushauri kabla ya kuchukua hatua ya kwanza. Na kipigo kiondoke kabisa katika mawazo ya mtu yeyote. Mlinzi anapompiga mshukiwa kwa amri yako, kesi ya kiroba inageuka kuwa kesi yako.

Kuachishwa kwa sababu ya biashara kudorora kuna kanuni zake, na ukanda huu umeziishi. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, na Septemba mwaka huo Acacia, kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi huo, ikatangaza kupunguza shughuli Bulyanhulu. Mgodi wa Buzwagi nao ulimaliza uzalishaji mwaka 2021. Mgodi unapopunguza au kufunga, macho yote huelekea kwa wafanyakazi wake. Wanaosahaulika ni wale wa wakandarasi wa Kahama: wapishi, madereva, walinzi, wafua nguo. Mkandarasi mdogo anadhani mkataba wake na mgodi ukikatika, ajira za watu wake zimekatika papo hapo. Kifungu cha 38 hakikubali. Anapaswa kutoa taarifa mapema iwezekanavyo, kuweka wazi taarifa zinazohusika, na kushauriana na chama, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati, na malipo. Akikaa nao kwa siku mbili na hesabu zake mezani, huwa anashangaa wanavyoelewa. Wenyewe wameona malori yakipungua barabarani.

Kifungu ambacho waajiri wadogo wengi hawakijui ni cha 43, na katika nchi ya madini ndicho chenye meno. Kinahusu aliyeajiriwa sehemu moja na kuachishwa sehemu nyingine. Dhahabu huwavuta watu kutoka mbali. Ukimtuma mtu akuletee vijana 4 kutoka Kasulu, ukawaajiri huko na kuwasafirisha hadi Mbogwe, siku ya kuachana unawajibika kuwarudisha Kasulu pamoja na mizigo yao, au kulipa gharama hiyo. Kama umewaachisha na hujawasafirisha, unatakiwa kuwalipa posho ya kujikimu kwa kila siku wanayosubiri. Hapo ndipo maumivu yalipo. Nauli ya watu 4 ni fedha ndogo. Posho ya miezi 8 ya kuvutana inaweza kupita mishahara waliyokuwa wakidai. Ndiyo maana "mahali alipoajiriwa" imo katika yale maelezo ya maandishi, na ndiyo maana nashauri nauli ilipwe siku ile ile ya kuagana, kwa saini. Aliyekuja mwenyewe kutafuta kazi na akaajiriwa hapo hapo Mbogwe haingii katika kifungu hiki, lakini bila karatasi utalithibitishaje hilo?

Siku hiyo ya kuagana kuna mambo mengine ya kukamilisha, na hayahitaji maelezo marefu. Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 7 kama bado yuko katika mwezi wa kwanza. Aliyemaliza miezi 12 mfululizo anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, isipokuwa ameachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na siku zisizochukuliwa hulipwa. Apewe pia cheti cha utumishi. Mwenye kibarua ambaye kila asubuhi anasema "njoo na kesho" kwa miaka 3 asidhani siku hizo hazijumlishwi.

Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko la uachishwaji usio halali mbele ya Tume. Kwa madai mengine ana siku 60. Anajaza fomu namba 1, nakala yake inakufikia wewe. Wapo wanaoikunja na kuiweka mfukoni wakidhani kijana atachoka. Hatua ya kwanza ni usuluhishi tu: msuluhishi anakaa nanyi, hakuna anayehukumiwa, na mengi huishia hapo kwa makubaliano ambayo pande zote mbili zinaweza kuyabeba. Ila mwajiri akiitwa na asifike, sheria inampa msuluhishi uwezo wa kuamua lalamiko hilo bila yeye. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na hapo ndipo daftari, maelezo ya maandishi, stakabadhi za WCF na mihtasari ya kikao cha nidhamu vinapotolewa mezani. Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 za kuiomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ifanye mapitio. Wiki hizo zikipita, tuzo hukaziwa kama hukumu ya mahakama, na dalali wa mahakama akifika eneo la mgodi ataorodhesha winchi, jenereta na karasha.